Siku Tuliyopalilia Nyasi za Solange

Nakumbuka Jumamosi moja, na kabla sijaieleza nitawataja wote waliokuwepo, maana siku hizi kila nikiisimulia anatokea mtu anayedai yeye hakuwepo. Tulikuwa watano. Mimi Furaha, mkubwa wa familia yetu, fundi cherehani wa mtaa wa Bertrams, hapa Johannesburg. Mdogo wangu Bahati, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi kule Kensington. Kitindamimba wetu Solange, ambaye siku hiyo ilikuwa yake. Jirani yetu Papa Sufiani, mtu wa Tanga, mwenye gari la mizigo lililotubeba. Na Baba Mokoena, mkuu wa wafanyakazi wa hifadhi, aliyefika mwisho na kukuta tumeshamaliza kazi.

Mwanangu unayenisoma, nikisema hifadhi usiwaze simba. Ni hifadhi ndogo tu, kusini mwa jiji, ukishaupita mtaa wa La Rochelle na kuendelea mbele. Kuna vilima vya mawe, punda milia wachache, kanga wengi wenye kelele, na njia nyembamba za kutembea kwa miguu. Kilichobaki chote ni nyasi. Chini ya kilima kimoja palikuwa na miti ya kigeni na kifusi ambacho watu walikuwa wanakimwaga bila aibu. Wafanyakazi waliikata ile miti, wakakizoa kifusi, wakaanza kuzirudisha nyasi za asili, mche mmoja baada ya mwingine, kama unavyopanda kitunguu. Leo nayajua hayo yote kuliko ninavyojua kushona kola. Siku ile sikujua hata moja.

Sikujua kwa sababu sikutaka kujua. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Wazazi wetu walifariki nikiwa na miaka kumi na mitano. Tulikuwa bado kwetu Kongo, karibu na Uvira. Niliacha shule darasa la sita nikashika jembe, baadaye nikashika sindano, na sindano ndiyo iliyotufikisha huku. Bahati alisoma kiasi. Solange alisoma hadi akamaliza sekondari hapahapa Johannesburg, na siku aliponiletea cheti nilikiweka chini ya godoro langu, si lake, kwa kuwa nilidhani angekipoteza. Nilikuwa na miaka ishirini na minane wakati huo na nilikuwa najiona bibi kizee. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu alianza kuongea mambo nisiyoyafahamu. Badala ya kumwuliza, nilikuwa nakanyaga mashine.

Sasa, ile hifadhi ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kufundishwa kazi ya kuwaongoza wageni. Nafasi ilikuwa moja tu. Waliotaka walipewa kila mmoja kipande cha ardhi pale chini ya kilima, wapande na kutunza kwa miezi kadhaa, na anayefaa angeonekana kwa kipande chake. Solange alikuwa anaamka kila Jumamosi na kupanda teksi mbili kwenda huko. Akiipata nafasi, angepewa mafunzo, sare, na mkataba wa kweli. Akiikosa, angekaa kwenye kigoda pembeni ya mashine yangu akishona vifungo. Alivichukia vifungo kama watu wengine wanavyochukia nyoka.

Alinieleza kazi ya kipande chake mara tatu. Mara zote tatu mashine ilikuwa inalia, nami nikawa natikisa kichwa na kusema vizuri, vizuri. Nilichobaki nacho kichwani ni kwamba amepanda, na kwamba Jumamosi hiyo Baba Mokoena angekuja kukitazama, halafu Alhamisi wangekuja wakubwa wa kuamua.

Nikatangaza kwamba tunaenda wote. Solange alisema si lazima. Nikamwambia mtoto asiye na wazazi haendi kukaguliwa peke yake kama kuku wa sokoni.

Ili tuonekane watu wenye mpangilio, niliwashonea wote kitenge kimoja, cha manjano chenye samaki wa kijani. Bahati akapata shati, mimi gauni, Solange sketi ambayo aliifunika kwa koti hadi chini ingawa kulikuwa na joto. Papa Sufiani alikataa shati, akavaa kanzu yake, ila nilifaulu kumvika kofia ya kitambaa kilekile. Nilipika bugali, yaani ugali wetu, sombe la majani ya muhogo na samaki, nikafunga sufuria kwa kanga, nikachomeka mwiko juu.

Kufika pale, Solange aliitwa ofisini kwa mahojiano, akatuambia tutembee kidogo kwenye njia ya mzunguko halafu tumsubiri kwenye kipande chake, kile chenye vijiti vyenye vitambaa vya bluu. Tukatembea, sufuria zetu kichwani. Mwanangu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea bila kwenda mahali. Watu walikuwa wanatupita na fimbo mbili mbili mikononi, wazee kwa vijana, na hakuna hata mmoja aliyechechemea. Papa Sufiani alihesabu vilima viwili, akasimama na kufuta jasho.

"Nauliza tu," akasema. "Njia hii inatupeleka wapi?"

Bahati akamjibu kwamba inarudi pale tulipoacha gari.

"Kwa hiyo tungekaa pale pale garini, tungekuwa tumefika?"

Tulicheka hadi tukafika kwenye vijiti vya bluu.

Kipande cha Solange kilikuwa nyasi tupu. Nyasi zenye vichwa vyekundu, mashina yamesimama kwa mistari, yananifika magotini. Na katikati ya nyasi hizo, hapa mmoja na pale mmoja, nikaona miche ya lengalenga. Wenzangu wa Tanga wanaiita mchicha. Ilikuwa myembamba, imebanwa, inanyoosha shingo kutafuta jua. Nilijiambia: mtoto amepanda mboga, ameacha nyasi zimemfunika, na mkaguzi yuko njiani. Watasema huyu hakulelewa na mtu. Na aliyemlea ni mimi.

Kwetu kuna desturi. Msichana akiolewa, wakwe wanampa shamba lake, na mama mkwe ana siku yake ya kuja kulitazama. Basi dada zake bibi arusi wanatangulia kimyakimya, wanalipalilia likang'aa, wanaondoka bila kumwambia. Hata yeye mwenyewe haulizwi, asije akaona haya. Mama yangu alimfanyia hivyo mdogo wake, nami nilikwenda naye. Nilikuwa sijawahi kupata nafasi ya kumfanyia dada yangu. Nikaona Mungu ameniletea nafasi hiyo siku hiyo, pamoja na mwiko.

Nikafunga kanga kiunoni. Bahati alivua viatu. Papa Sufiani, ambaye goti lilikuwa linamsumbua, alikalia sufuria iliyofunikwa, akatutazama kwa muda.

"Furaha, binti yangu," akasema, "hebu mwulizeni mwenye shamba kwanza. Ofisi ile pale, naiona."

"Papa Sufiani," nikamwambia, "nyinyi watu wa pwani mnajua nazi. Nyasi tuachieni sisi."

"Haya. Mimi mtu wa nazi. Lakini sijawahi kung'oa mnazi wa mtu nikadhani ni gugu."

Bahati alicheka, nikamkazia macho, akainama.

Mwanangu, nitakuambia ukweli, sijawahi kupalilia vizuri kama siku ile. Ardhi ilikuwa laini, imechimbwa na kulishwa mbolea, mashina yakawa yanatoka na mizizi yake yote. Yaliyogoma niliyachimbua kwa mwiko. Kila shina nilikung'uta udongo, nikalilaza mizizi juu, ili ikaushwe na jua, lisije likaota tena. Ndivyo mama alivyonifundisha. Lengalenga nililiacha, nikalipalilia shingoni, nikaliinulia udongo kidogo. Tulipofika katikati wakapita mzee na mkewe, wenye fimbo mbili mbili. Walituona na kitenge chetu cha sare, wakadhani ni vazi la wafanyakazi wa hifadhi. Wakasimama kabisa, wakatushukuru kwa kazi nzuri tunayoifanyia nchi. Bahati aliwapigia saluti ya mlinzi. Baada ya pongezi hizo tuliongeza kasi. Hata Papa Sufiani alianza kutuonyesha kwa kidole mashina tuliyoyasahau.

Tulikuwa tunajipangusa mikono nilipowaona wanakuja. Baba Mokoena alikuwa mzee mrefu, kofia ya kaki, anatembea taratibu kama mtu anayefuata ng'ombe. Solange alikuwa pembeni yake akieleza kwa mikono miwili, uso umejaa furaha. Nadhani aliiona manjano ya kitenge kwanza. Halafu akaona ardhi. Mikono yake ikabaki hewani.

Mimi nilidhani huo ni mshangao wa shukrani. Nilikuwa nimechuma kifungu kidogo cha lengalenga. Nikapiga goti kama tunavyowaamkia wakubwa, nikamwinulia Baba Mokoena kwa mikono yote miwili. Nikamwambia Solange atafsiri kwamba haya ni mavuno ya kwanza ya shamba lake, na kama angepata muda mtoto angekuwa amepalilia mwenyewe.

Hakutafsiri. Baba Mokoena alivua kofia, akaongea Kiingereza muda mrefu, polepole, akinyoosha kidole huku na huku. Alipomaliza, Solange akasema, bila kunitazama, "Anasema mmefanya kazi kwa bidii."

Bahati, ambaye huniita Yaya kama tunavyowaita dada wakubwa, alinisogelea sikioni. "Yaya, hayo ni maneno yake ya mwisho kabisa. Yaliyotangulia hajayatafsiri."

Ndipo yule mzee akachuchumaa. Aliokota shina moja, akaligeuza mizizi chini, akaifunika mizizi kwa kiganja kama unavyomkinga mtoto na jua. Aliponiongelesha mara ya pili alitumia Kizulu chepesi cha sokoni, ambacho hata mimi nilikuwa nakisikia.

"Nani alikufundisha kulaza mizizi juani?"

"Mama yangu."

"Bibi yangu pia alilaza hivi. Mama yako alikufundisha vizuri. Ndiyo maana nyasi hizi zinakufa haraka."

Nilimtazama Solange. Machozi yalikuwa yanamtoka. Na hapo, mwanangu, mambo niliyoambiwa mara tatu mashine ikilia yakanirudia yote kwa mara moja. Nyasi ndizo alizozipanda. Lengalenga ndilo alilokuwa analing'oa kila Jumamosi. Nililolikuta ni lile lililoota baada ya mvua ya wiki hiyo.

Baba Mokoena hakupandisha sauti. Aliniambia, na sijasahau hata leo, "Dada, umefika mahali ukaona kitu kimoja unachokijua na vingi usivyovijua. Ukakilinda kimoja, vingine vyote ukaviua. Na mwenye kuvijua alikuwa ofisini, hatua mia moja." Halafu akavaa kofia na kuuliza ndoo ziko wapi.

Hatukuwa na ndoo. Bugali lilihamishiwa kwenye kifuniko, sombe likaliwa haraka na Bahati akiwa amesimama, na sufuria zikawa za kubebea maji kutoka bombani. Tulirudisha kila shina ardhini. Solange alikuwa anaonyesha namna ya kulikandamiza kwa vidole, nasi tunafuata. Nilikuwa mwanafunzi wake, na niseme tu kwamba ni mwalimu mkali. Papa Sufiani alisahau goti lake, akaikunja kanzu hadi mapajani, akapanda mstari mzima huku akinung'unika kwamba kumbe mtu wa nazi ana kazi. Mchana ukageuka, mawingu ya Johannesburg yakajikusanya kama kawaida yake, mvua ikaja na radi na mawe madogo ya barafu. Hatukukimbia. Ndipo tulipojua kwamba kile kitenge nilichouziwa kilikuwa feki. Rangi yote ilishuka. Bahati alirudi nyumbani na miguu ya manjano, na kiti cha gari la Papa Sufiani kilibaki na samaki wa kijani hadi alipoliuza.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoisimulia kwenye harusi. Watu wanacheka, Solange naye anacheka. Sasa nikwambie ile nisiyoisimulia.

Nyasi nyingi zilikufa. Mvua ilisaidia, lakini jua lilikuwa limeshafanya kazi niliyolituma. Alhamisi wakubwa walikuja, wakaona kipande kilichochakaa, wakamwuliza Solange kimepatwa na nini. Alikuwa na jibu rahisi, tena la kweli: dada yangu ambaye hajasoma aliziona nyasi akadhani ni magugu. Angesema hivyo, Baba Mokoena angemtolea ushahidi, na pengine wangemhurumia. Hakusema. Aliwaambia, "Niliwaleta wageni bila kuwaeleza wanachokitazama. Hilo ni kosa la mwongozaji." Nafasi ikapewa kijana mwingine. Solange akaambiwa akipande upya kipande chake, arudi mwaka unaofuata.

Nyumbani alisema tu kwamba amekosa. Akakaa kwenye kigoda, akashona vifungo mwaka mzima. Alivishona kwa nguvu hivi kwamba wateja walirudi kulalamika, mashati hayafunguki. Sikumkemea. Kila Jumamosi alikwenda kwenye kipande chake, nami nilifunga mashine nikaenda naye, nikawa napanda mahali pengine, kando ya Baba Mokoena, kulipa miche niliyoing'oa. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya Alhamisi, tukiwa tumeinama, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Solange hakuniambia, na mpaka leo hajui kwamba najua.

Mwaka uliofuata alichukuliwa. Sasa hivi, ukienda Jumamosi, utamkuta mbele ya mstari wa watu wenye fimbo mbili mbili, anasimama kila hatua kumi na kueleza hadi punda milia wanachoka. Haachi hata jani moja bila kulieleza. Mimi najua sababu.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, na kama Kiswahili changu ni kigumu mwombe mama yako akusomee. Ukitaka kumsaidia mtu, mwulize kwanza. Mwulize hata kama wewe ndiye uliyemlea, maana uliyemlea ndiye unayedhani huna cha kumwuliza. Mdogo wako akikueleza anachokijua, zima mashine. Haitakupunguzia ukubwa. Mimi nilificha kutosoma kwangu kwa kutikisa kichwa, na kichwa hicho kilimgharimu mtu mwingine mwaka wa ujana wake. Ukiingia mahali pageni, iwe ni nyumba ya watu, kazi mpya au uwanja wa nyasi, usianze na mikono. Anza na swali, hata likiwa la kijinga. Papa Sufiani, Mungu amrehemu, aliuliza maswali ya kijinga kutwa nzima, na ndiye pekee kati yetu aliyekuwa na akili siku ile.

Mungu aliyenipa wadogo wa kulea akupe nawe watu wa kukufundisha, na akupe utulivu wa kukaa mbele yao. Akuzuie mkono pale unapokimbilia kusaidia usichokijua. Na ukikosea, kwa maana utakosea, akupe mtu atakayekukinga bila kukutangaza, kama alivyonipa mimi.

Miche nilimaliza kuirudisha zamani. Baba Mokoena aliipitia yote kwa macho yake kabla ya kustaafu, akaniambia tumekwisha, hatudaiani. Lakini Solange sijawahi kumwambia nisamehe. Nimepanda nyasi, nimepika, nimewashonea watoto wake nguo za shule, na kila nikitaka kulitamka neno lenyewe najikuta nimemwuliza kama amekula. Ni neno moja, na wakubwa wa kwetu hatukulizoea kuwaambia wadogo. Jumapili anakuja kula hapa. Deni hilo bado liko kwangu.